Mnyauko wa migomba unaotoka udongoni: cha kufanya shambani kabla na baada ya ugonjwa

Kila mwezi wa tisa mvua inaporudi Bukavu, simu yangu huanza kulia, na swali halibadiliki: "Kamaramasenge yangu inakauka majani, nimwage dawa gani?" Usimwage kitu, utapoteza franka zako. Kuvu inayoua mgomba huo wa ndizi ndogo tamu inaitwa Fusarium; inakaa udongoni, inaingia kwa mizizi, inaziba mishipa ya maji, na ikishafika ndani ya shina hakuna dawa inayoifuata huko. Mgomba ukifa, kuvu inabaki ardhini zaidi ya miaka 20 ikisubiri mwingine. Mgomba ulioingiliwa umeshakwenda. Unachoweza kuokoa ni ile iliyobaki, na hiyo unaiokoa kwa kuutunza udongo.

Nami nilijifunza kwa hasara. Kamaramasenge yangu ya kwanza ilikufa, nikaing'oa, nikapanda nyingine shimo lile lile kwa sababu lilikuwa wazi na samadi ilikuwa bado imo. Ikafika miezi minane, majani yakalala. Nikapanda ya tatu. Mzee mmoja jirani akapita, akasimama, akaniambia: "Mwanangu, unazika watoto watatu kaburi moja halafu unauliza nani anawaua."

Mwongozo huu ni wa wenye mashamba madogo ya Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, pamoja na mama zetu wenye viwanja vya nyuma ya nyumba mjini. Watu wa Goma, udongo wenu ni tofauti kidogo. Nitawagusa kwenye hatua ya tano.

Aina zipi zinaugua?

Aina ya kuvu iliyozoeleka kwetu inapenda Kamaramasenge, Gros Michel, na Pisang Awak, ile ndizi ya pombe ambayo Uganda wanaiita Kayinja. Ndizi zetu za milimani, za kupika na zile tunazokamulia kasiksi (pombe yetu ya ndizi), zinaivumilia vizuri. Yangambi Km5 nayo ni ngumu kwake, na jina lake ni la kwetu kabisa: Yangambi ni kituo cha utafiti huko mkoani Tshopo, Kongo. Kuna aina nyingine ya kuvu, kali zaidi, inayoua hadi Cavendish, ile ndizi inayouzwa zaidi masoko ya dunia. Ilionekana Msumbiji mwaka 2013. Kwa hiyo usirudi na machipukizi kwenye begi kutoka safari yoyote, hata kama shangazi amekupa kwa moyo mweupe.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Panga na kisu kirefu chembamba
- Jembe moja la kukaa eneo lenye ugonjwa tu. Lifunge kitambaa chekundu mpinini ili mtu asilichanganye na mengine
- Beseni, sabuni, burashi ngumu na maji ya Javel (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo)
- Buti za mpira. Kandambili hazifai, zinabeba udongo chini na juu
- Vijiti na kamba ya kuzungushia
- Bashi (turubai) au gunia la kukatia vipande
- Chokaa ya kilimo, au majivu ya kuni yaliyopoa
- Mboji iliyoiva
- Miche safi, ambayo hutainunua mpaka ufike hatua ya saba

Kazi ya kuua migomba migonjwa ifanye kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Udongo mkavu haushiki sana kwenye viatu, na mvua haitabeba ulichokichokonoa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa huu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tangu mnyauko wa bakteria uingie Masisi mwaka 2001 na kusambaa Kivu yote, kila mgomba unaonyauka tunauita wilti na kuutibu kama wilti. Magonjwa haya mawili yanatofautiana, na njia ya kupambana na moja haifai kwa lingine.

Ule wa kuvu huanza na majani ya zamani, yale ya chini. Njano inaanzia ukingoni mwa jani na kwenda kati. Kisha vikonyo vinavunjika na majani yananing'inia kuzunguka shina kama sketi iliyochakaa, huku jani changa la katikati likiwa bado limesimama. Mara nyingi shina linapasuka kwa urefu karibu na ardhi.

Ule wa bakteria mara nyingi hushika majani machanga pia, kitumba dume kinasinyaa, na ndizi zinaiva kabla ya wakati; ukizikata ndani zina rangi ya kutu.

Sasa kata. Tandaza bashi, kata shina kwa mshazari sentimeta 20 hivi kutoka ardhini, uangalie kidonda kwenye mwanga wa jua. Ukiona vidoti na michirizi ya kahawia inayoelekea wekundu, imejipanga kama duara ndani ya duara, na hakuna usaha, hiyo ni kuvu. Subiri dakika 15. Likitoka tope la njano kama maziwa ya mgando, hiyo ni bakteria. Ukikata chini kwenye tunguu, kile kiazi cha mgomba kilicho ardhini, ukakuta mashimo na vifunza vyeupe vinono, una fukusi, mdudu anayelitoboa, na huenda ndio tatizo lako lote.

Angalizo: usizunguke shamba ukikata kila mgomba kwa kisu kile kile ili "kuona". Kata mmoja, osha kisu.

Hatua ya 2: Zungushia kamba

Pima meta 3 kutoka kwenye mgomba mgonjwa kila upande, simamisha vijiti, funga kamba. Humo ndani haingii mtoto, mbuzi, kuku wala mpita njia. Kama kuna njia ya kwenda kisimani inayopita hapo, ihamishe leo. Najua majirani watasema unajidai. Waeleze, kwa sababu viatu vyao ndivyo vitakavyopeleka ugonjwa kwao.

Hatua ya 3: Ua familia nzima pale pale iliposimama

Kwenye mnyauko wa bakteria tulifundishwa kukata shina moja lililougua na kuacha mengine ya fungu lile. Kwa kuvu usifanye hivyo. Mama, binti na mjukuu wanakunywa kwenye tunguu zilizoungana, na binti anayeonekana mzima leo ameshanyonya ugonjwa. Wote wanaondoka.

1. Kata mashina yote usawa wa ardhi.
2. Kwa ncha ya kisu chembamba, chimba moyo wa kila shina uliobaki kwenye tunguu mpaka utoe kile kinundu cheupe cha kuchipua. Shimo la ukubwa wa kikombe cha chai linatosha.
3. Katakata mashina na majani, uyarundike juu ya tunguu lile lile, ndani ya kamba.
4. Kama unapata makapi ya mpunga kutoka bonde la Ruzizi, yakishakauka hayo majani rundika makapi juu uyawashe yaungue polepole bila mwali mkubwa. Wakulima wa Ufilipino hufanya hivyo. Moto unaua kuvu ya tabaka la juu tu, lakini kupunguza nako ni kazi.
5. Rudi kila wiki mbili. Kila kichipukizi kinachotoa kichwa, kikate na ukichimbe moyo. Endelea mpaka tunguu lichoke.

Usiling'oe tunguu. Naona watu wanachimba shimo la kimo cha mtu, wanatoa tunguu na udongo wake, wanaburuta mpaka bondeni. Njia nzima inakuwa imepandwa ugonjwa.

Usilishe ng'ombe au mbuzi mashina hayo. Kuvu inapita tumboni mwa mnyama na kutoka hai kwenye samadi, na samadi unajua inakwenda wapi. Usiyatie kwenye mboji. Usiyatumie kama matandazo.

Mkungu ukiwa umekomaa unalika bila shida, kuvu haikai kwenye ndizi. Kata vichane hapo hapo, mti wa mkungu ubaki ndani ya kamba.

Hatua ya 4: Geuza njia ya maji

Kwenye milima yetu mvua moja ya mwezi wa kumi na moja inashusha udongo wa mtu wa juu mpaka kwa mtu wa chini. Kama mgomba mgonjwa uko juu ya shamba lako, migomba iliyo chini yake ndiyo itakayofuata.

Chimba mtaro upande wa juu wa eneo lililofungwa ili maji yanayoteremka yaende pembeni bila kupita ndani. Udongo wa mtaro uweke upande wa chini kama tuta. Upande wa chini wa eneo panda mstari mnene wa majani ya tembo au setaria, yashike udongo unaotaka kuteremka. Kila ukikata majani hayo kwa ng'ombe, kata juu. Usiyang'oe na mizizi.

Kwenye mashamba ya tambarare tatizo ni maji kusimama. Mizizi iliyokosa hewa inaoza ncha, na kuvu inapenda mlango uliofunguliwa. Kama saa mbili baada ya mvua bado kuna dimbwi, chimba mitaro ya kina cha sentimeta 50 hadi 60, au usipande migomba hapo kabisa.

Hatua ya 5: Rekebisha uchachu wa udongo

Kuvu hii inapenda udongo wenye asidi. Ukipandisha pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni kali) kufikia 6.5 hivi, ugonjwa unapungua nguvu, ingawa hauishi. Udongo mwekundu wa Walungu na sehemu nyingi za Kabare una asidi kali. Hapa chokaa ina maana.

Usitumie kipimo cha ulimi wala cha macho. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimeta 30, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Ulizia maabara kwenye vyuo vyenye kitivo cha kilimo mjini, au muulize agronomu (mtaalamu wa kilimo) wa eneo lenu. Udongo wa ndani ya kamba usiuguse wala usiupeleke.

Udongo ukiwa na pH chini ya 5.5, anza na gramu 250 za chokaa ya kilimo kwa kila meta ya mraba. Shamba la meta 10 kwa 20 linakula kilo 50. Mwaga sawasawa shamba lote, changanya na udongo wa juu kwa jembe bila kwenda chini sana, uache wiki nne kabla ya kupanda. Ukimwaga mwezi wa nane, mvua za mwezi wa tisa zitaipeleka kazini. Pima tena baada ya mwaka.

Huna chokaa? Majivu ya kuni, nusu kilo kwa meta ya mraba, yakiwa yamepoa na hayana plastiki iliyochomwa ndani. Yanaleta na potasiamu, ambayo mgomba unaila kwa pupa.

Makosa mawili ninayoyaona sana. La kwanza, kurundika chokaa au majivu kwenye shina la mgomba kama kaburi. Unaunguza mizizi na udongo wa pembeni unabaki vile vile. La pili, kuchanganya chokaa na samadi siku moja. Ile harufu kali inayopanda puani ni naitrojeni yako inayokwenda hewani. Acha wiki tatu au nne kati yake.

Ndugu wa Goma na Nyiragongo: udongo wa volkano kwa kawaida hauna asidi kali kama wetu. Usimwage chokaa bila kipimo, utafunga virutubisho vingine bure. Kwenu nguvu iwekwe kwenye hatua ya 2, 7 na 8.

Hatua ya 6: Lisha udongo, uache kuukatakata

Udongo wenye mboji nyingi una viumbe wengi wadogo wanaogombania chakula na kuvu. Weka kilo 20 za mboji au samadi iliyoiva kwa kila familia ya migomba kwa mwaka, itandazwe kwa duara. Iliyoiva ina rangi ya kahawa, haina joto ukiingiza mkono, inanukia msitu. Kabla ya kununua samadi uliza ng'ombe walikula nini. Swali hili linawachekesha wauzaji, lakini uliza.

Tandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi, ukiacha sentimeta 30 wazi kuzunguka shina ili fukusi wasipate kitanda.

Punguza ure (mbolea ya yurea). Mbolea za amonia zinaongeza asidi na zinaipa kuvu nafasi. Naitrojeni ya aina ya naitreti ni nafuu zaidi kwa mgomba. Kama ure ndiyo pekee unayoipata, weka kidogo kidogo na usiifanye badala ya mboji.

Halafu jembe. Mizizi mingi ya mgomba iko sentimeta 30 za juu, na kila ukilima kwa nguvu karibu na shina unafungua vidonda mia. Palilia kwa mkono au kwa panga. Zao la kufunika ardhi katikati ya mistari linasaidia, ila magugu usiyaache: baadhi yanabeba kuvu kwenye mizizi bila kuonyesha dalili yoyote.

Hatua ya 7: Miche

Ugonjwa huu ulifika kwako kwa njia mbili: udongo au chipukizi. Chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa linaweza kuwa la kijani kibichi, limesimama kama askari, na limebeba kuvu tumboni. Usikubali zawadi kutoka fungu usilolijua.

Chagua miche ya maabara, au ya PIF (njia ya kupata miche mingi kutoka tunguu moja) iliyooteshwa kwenye machujo ya mbao yaliyochemshwa, kutoka tunguu zenye afya. Kuna kitu wauzaji hawasemi: mche wa maabara ni safi, lakini ni mtoto asiye na kinga. Ukiupanda kwenye udongo wenye kuvu unaweza kufa haraka kuliko chipukizi la kawaida. Upeleke udongo safi.

Ukitumia chipukizi kutoka shamba lisilo na ugonjwa, menya tunguu mpaka liwe jeupe, kata mizizi yote, kisha litie kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hesabu kwa sauti, moja hadi thelathini, ulitoe. Hii inaua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi, ambao ndio wanaotoboa milango kwa ajili ya kuvu. Kuvu yenyewe iliyo ndani haifi. Ukimenya ukaona doti moja ya kahawia, hilo chipukizi si la kupanda, hata ukilichemsha mpaka liwe chakula.

Shimo liwe sentimeta 60 kwa 60, nafasi meta 3 kati ya mimea, mbali na eneo la kamba.

Hatua ya 8: Eneo la kamba lipate zao lingine

Usirudishe aina zinazougua hapo. Ukitaka migomba, subiri, kisha panda za milimani au Yangambi Km5. Kabla ya hapo panda mihogo au mahindi kwa miaka miwili au mitatu, ukilima kwa jembe lile la kitambaa chekundu. Kusini mwa Uchina hubadilishana migomba na aina ya vitunguu vya majani, na ugonjwa hupungua. Mavuno ya hapo yaoshwe udongo hapo hapo. Usiuze mihogo yenye matope.

Hatua ya 9: Kuosha

Panga la moto linaua bakteria, na tulizoea kulipitisha kwenye makaa. Kuvu hii inasafiri kwenye udongo ulioganda pale mpini unapokutana na chuma, na kwenye mifereji ya soli. Sugua kwanza kwa sabuni na burashi mpaka usione tope. Ndipo utumbukize kwenye maji ya Javel, kipimo kimoja kwa tisa vya maji safi, dakika kumi. Javel ikikutana na matope inaisha nguvu, kwa hiyo kutumbukiza jembe chafu ni kuliogesha tu. Maji ya kuoshea yamwage ndani ya kamba.

Ikiwa mambo hayaendi

*Nimefanya yote, mgomba wa meta 5 kutoka kamba umeanza njano.* Inatokea. Ulikuwa umeshaingiliwa kabla hujafunga. Panua kamba, rudia hatua ya 3. Ukiona njano imefuata mstari wa kuteremka, mtaro wako umeziba.

*Majani ni ya njano lakini shina ni jeupe kabisa ndani.* Angalia njaa ya udongo, ukame au fukusi kabla ya kuua mgomba. Majani yakiwa membamba, yamesimama wima na kubanana kileleni, hicho ni kirusi, na hiyo ni kazi nyingine.

*Tunguu linaendelea kuchipua miezi minne baadaye.* Hukuufikia moyo. Tumia kisu kirefu zaidi, chimba kwa kuzungusha.

*Nimeuziwa unga wa kuvu rafiki wa kumwaga udongoni, unafaa?* Shamba moja unasaidia, lingine hausaidii. Nunua chokaa na buti kwanza, ukibakiwa na pesa ujaribu kwenye mashimo matano.

*Jirani wa juu hataki kusikia.* Chimba mtaro mpakani upande wako, panda majani ya tembo safu mbili, na sehemu ya juu ya shamba lako weka ndizi za kasiksi. Kamaramasenge zipeleke upande ule maji ya jirani yasipofika.